Yule mtu mwenye nyota kifuani

Nimepiga rangi magari kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu wa miaka hiyo kulikuwa na mtu akinitazama kutoka kwenye kopo la thina, ile ya kuzimulia rangi. Huenda na wewe umeshamwona. Ni kivuli cheusi cha mtu, kichwa na mabega tu, ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu, na kifuani ana kitu cheupe kilichopasuka kama nyota. Pale gereji tulimbatiza Bwana Harusi. Mwenzetu mmoja alidai ile nyota ni furaha, jamaa moyo umemjaa mpaka unamwagika. Tulicheka, tukafungua kopo, tukaendelea na kazi.

Nimekuja kuujua ukweli wa Bwana Harusi, kwamba ni onyo la madhara makubwa mwilini, saratani ikiwemo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, nimemshikia koti fundi aliyenifundisha kazi. Hapa nitamwita Mzee tu, inatosha.

Mzee alikuwa na miaka 14 tangu aache kazi. Siku moja alikojoa damu. Haikumuuma hata kidogo, na hapo ndipo alipodanganyika. Siku mbili damu ikatoka, siku ya tatu mkojo ukarudi rangi yake, naye akamshukuru Mungu akanyamaza. Ikaja tena baada ya wiki tano, ikakata tena. Jumla alinyamaza miezi minne. Mtu aliyezoea kupima ugonjwa kwa maumivu, damu isiyouma anaiona kama mgeni aliyepotea njia. Daktari alituambia baadaye kwamba saratani ya kibofu cha mkojo mara nyingi hujitokeza hivyohivyo: damu, bila maumivu, inakuja na kuondoka.

Wakampitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, wakakuta uvimbe, wakaukwangua. Halafu wakaanza kumwekea kwenye kibofu dawa ambayo nilipoulizia ni nini, nikaambiwa ni BCG, ileile chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga. Nilidhani nesi ananitania. Kumbe ni kweli: vijidudu vile vilivyodhoofishwa vinaiamsha kinga ya mwili ndani ya kibofu, nayo inaishambulia saratani. Mzee alisema yeye ndiye mtoto mchanga mwenye mvi kuliko wote wodini.

Kwenye faili lake, palipoandikwa "kazi", walikuwa wameandika "mstaafu". Madaktari watatu walilisoma faili lile wakapita. Wa nne, daktari kijana wa kike, ndiye aliyesimama. Akamuuliza, "Mzee, kabla ya kustaafu ulikuwa unashika nini?"

Angalia swali lenyewe. Hakuuliza alikuwa nani wala alifanya kazi wapi. Aliuliza alikuwa anashika nini. Mzee akanitazama. Nami nikaanza kutaja: thina, praima ya kutanguliza chini ya rangi, hadina ya kukazia rangi, puti ya kuzibia mabonde, petroli ya kunawia mikono... Daktari akanyanyua kalamu. "Petroli ya kunawia mikono?"

Tangu siku ile nimekuwa na daftari. Nitalielezea mbele, kwanza nieleze kwa nini swali lile lilinikosesha usingizi.

Mimi siku zote niliamini kwamba tukiumwa, sisi wapiga rangi, tutaumwa kifua. Unapuliza, unavuta hewa, mapafu yanachafuka, hesabu rahisi. Sasa kibofu kimeingiaje? Kimeingia kwa sababu mwili hauachi kitu pale kilipoingilia. Kemikali nyingi zikishapita kwenye pafu au kwenye ngozi huingia kwenye damu, damu inazipeleka kwenye ini, ini linajaribu kuzivunja. Baadhi yake, katika kuvunjwa, zinageuka kuwa kitu kibaya kuliko zilivyoingia. Figo inazichuja, inazipeleka kwenye kibofu. Na kibofu ni tangi. Mkojo unakaa humo kwa muda wa saa tatu au nne, hasa kwa fundi ambaye hanywi maji na haendi haja mpaka gari likamilike, na muda wote huo zile kemikali zinalowanisha ukuta wa tangi. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 30.

Hili si jambo jipya hata kidogo, na ndilo lililoniudhi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi, wale waliokuwa wakitengeneza rangi za vitambaa kutokana na kemikali iitwayo anilini. Na zaidi ya miaka 100 kabla yake, mwaka 1775, mpasuaji wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kuhusu wasafisha dohani. Walianza wakiwa watoto wadogo, wanasukumwa ndani ya dohani nyembamba kwa sababu mtu mzima haenei, masizi yanawaganda kwenye mikunjo ya ngozi. Wakishakuwa watu wazima wanatokwa na vidonda kwenye mfuko wa korodani, na vidonda vile vilikuwa saratani. Masizi ya utotoni yanadai deni ukubwani. Kwa hiyo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, tayari kuna mtu alishaandika kwamba kazi unayofanya inaweza kukuachia saratani. Hakuna aliyenisomea hilo siku ya kwanza nilipokabidhiwa msasa.

Naam, Mzee alikuwa anavuta sigara. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna msomaji ameshaliuliza. Hata ndugu zake walilimaliza suala kwa neno hilohilo: "Sigara hizo." Na sigara kweli ndiyo inayoongoza kwa kuleta saratani ya kibofu, sibishi. Lakini ukichungulia ndani ya moshi wa sigara unakuta beta-naftilamini, na beta-naftilamini ni mojawapo ya kemikali zilizowaua wafanyakazi wa viwanda vya rangi. Ni mwizi yuleyule, ana milango miwili. Nilimuuliza yule daktari, kwa Mzee ni mlango upi? Akasema kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kuapa. Uvimbe hauna mhuri wa kiwanda. Unachoweza kusema ni kwamba ukichukua wapiga rangi maelfu ukawaweka pembeni ya watu wengine maelfu, na hata ukitoa hesabu ya sigara, wapiga rangi wanaumwa zaidi.

Hilo limeshapimwa mara nyingi. Shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na makao yake yako Lyon, Ufaransa, limeiweka kazi ya kupaka rangi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1989. Nisome tena: kazi yenyewe. Hawakutaja kopo hili wala lile. Saratani zenyewe ni ya mapafu, ya kibofu, na mesothelioma, ile saratani ya utando unaozunguka mapafu. Humo kundini zimo pia asbesto, benzini, vumbi la mbao, vumbi la silika, moshi wa dizeli, moshi wa kuchomelea vyuma, na kazi ya zimamoto.

Hapo watu huchanganyikiwa, hata mimi nilichanganyikiwa. Kundi la kwanza halimaanishi vyote vilivyomo vina hatari sawa. Linamaanisha ushahidi kwamba kitu hicho kinaleta saratani umetosha, basi. Mwanga wa jua nao umo. Hakuna mtu atakayesimama akasema kuanika nguo ni sawa na kuvuta vumbi la asbesto. Ukitaka kujua hatari yako unauliza: ni kitu gani, kiasi gani, kwa njia gani, kwa miaka mingapi. Ndiyo maana nikanunua daftari.

Ukurasa wa kwanza niliandika PRAIMA YA NJANO.

Kazi ya rangi ya gari haianzi na rangi, inaanza na msasa. Unaikwangua rangi ya zamani, unapiga puti, unapiga msasa tena, unapuliza praima, unapiga msasa kwa mara nyingine, ndipo rangi, ndipo klia, vanishi ya kung'arisha, juu yake. Wateja wanaona siku ya klia, gari linang'aa kama limelambwa. Sisi tunaishi kwenye siku za msasa. Tulikuwa na praima moja ya njano, nzuri sana kwa kuzuia kutu. Ukiipiga msasa mkavu, vumbi lake linakukaa kwenye kope. Jioni ukipenga, kamasi zinatoka njano. Tulikuwa tunaonyeshana vitambaa tukicheka, nani ana njano iliyokolea. Njano ile, nimekuja kusoma, mara nyingi hutokana na kromati ya zinki au ya strontiamu, na ndani yake mna kromiamu-6. Hii si ile kromu ya bampa inayong'aa, ile imetulia kwenye chuma chake. Kromiamu-6 ni hali nyingine ya metali hiyohiyo, inaingia ndani ya seli kwa urahisi na kuharibu DNA, na ni kisababishi kinachojulikana cha saratani ya mapafu. Tungeloweka tu ule msasa maji, vumbi lingekuwa tope kwenye ndoo. Msasa wa maji ulikuwepo. Ila bosi wetu wa wakati huo alisema maji yanachelewesha, gari lazima likaushwe tena. Kwa hiyo tulipiga mkavu.

Ukurasa wa pili, PETROLI.

Rangi haitoki kwa sabuni. Kulikuwa na ndoo ya petroli pembeni ya kompresa na kila mtu alichovya humo mikono mpaka kwenye viwiko, mara nne, mara tano kwa siku. Ngozi inakauka, inapasuka, na iliyopasuka ndiyo inayofyonza vizuri zaidi. Ndani ya petroli mna benzini. Kwenye Umoja wa Ulaya kiwango chake hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, na zamani kilikuwa kikubwa zaidi. Benzini inakwenda kwenye uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na inaweza kuleta saratani ya damu. Miaka ya 1970 daktari mmoja wa Istanbul, Muzaffer Aksoy, aliona mafundi viatu wanakuja kwake na saratani ya damu kuliko ilivyo kawaida. Walikuwa wanatumia gundi yenye benzini kwenye vyumba vidogo visivyo na hewa. Fundi kiatu, gundi, chumba kidogo. Nilipolisoma hilo niliikumbuka harufu ya chumba chetu cha kuchanganyia rangi, ambacho dirisha lake tulilipigia bati ili vumbi lisiingie.

Na harufu, kwa kweli, ni shahidi wa uongo. Tulikuwa tunasema "leo harufu imezidi, fungua mlango", halafu baada ya nusu saa tunasema imepungua. Haikuwa imepungua. Pua imechoka, imeacha kuripoti. Tena kwa benzini, kikomo kinachotumika Marekani kwa siku nzima ya kazi ni sehemu 1 katika milioni ya hewa, na pua za watu wengi huanza kuinusa ikiwa imeshapita hapo. Ukiisikia, umeshachelewa.

Barakoa? Tulikuwa nazo. Zile nyeupe za karatasi zenye mpira mmoja. Zinakamata vumbi kiasi, lakini mvuke wa thina unapita humo kama maji kwenye chandarua. Kinachokamata mvuke ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa ulioandaliwa, na mkaa ule hujaa kama sifongo. Ukishajaa unapitisha kila kitu na huna habari. Mimi nilipata yangu mwaka wa saba. Niliitunza kama yai, nikiitundika kila jioni kwenye msumari uleule ndani ya chumba cha rangi. Maana yake usiku kucha ilikuwa inanyonya mvuke peke yake, bila pua ya mtu, na asubuhi ninavaa kitu kilichokwisha. Ilitakiwa ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Na ndevu pia zinaiharibu, hewa inaingilia pembeni. Watu wanaoshughulika na usalama wa kazi huiweka barakoa mwisho kabisa kwenye orodha yao. Kwanza uondoe kitu chenye sumu, ukishindwa ukibadilishe, ukishindwa ukifungie ndani ya chemba yenye feni ya kuvuta hewa nje, ndipo uifikirie pua ya mtu. Sisi tulianzia mkiani, tena kwa karatasi.

Ukurasa wa tatu si wa rangi kabisa, nao nilitaka kuusahau. Upande wa pili wa ukuta walikuwepo wenzetu wa breki. Wakifungua gurudumu la gari la zamani, kuna vumbi la kijivu limejaa kwenye ngoma, na njia ya haraka ya kulitoa ni kulipuliza kwa kompresa. Kompresa yetu. Lilikuwa linakuja kwetu kama ukungu, tunalalamika kwa sababu linaharibu klia. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zikishaingia pafuni mwili hauwezi kuziyeyusha, zinakaa hapo, na mesothelioma inaweza kuja miaka 20 baadaye, au 30, au hata 50. Ukiongeza sigara juu ya asbesto, hatari ya saratani ya mapafu haijumlishwi, inakaribia kuzidishwa. Mzee alikuwa anavutia sigara yake palepale mlangoni kwa watu wa breki, kwa sababu kwetu ilikatazwa, thina ingelipuka.

Thina chafu, ile ya kusafishia bunduki ya rangi, tuliimwaga nyuma kwenye mchanga. Ilikuwa inazama kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza. Tulidhani imeisha. Kwenye kambi ya wanamaji ya Camp Lejeune, Marekani, kuanzia 1953 mpaka 1987 watu walikunywa na kuoga maji yaliyochanganyika na viyeyushi vya kusafishia na benzini, na baadhi ya sumu ile ilitoka kwa dobi wa kusafisha nguo kwa kemikali badala ya maji, aliyekuwa nje ya kambi. Aliitupa ardhini, ardhi ikaipokea, visima vikaivuta. Wanajeshi hawakufanya kazi kwa dobi. Watoto wao pia hawakufanya.

Na maji yanakumbuka kwa muda mrefu. Antofagasta, kaskazini mwa Chile, walianza kutumia maji ya mto yenye sumu nyingi ya aseniki mwaka 1958, wakajenga mtambo wa kuisafisha mwaka 1970. Ni miaka 12 tu. Lakini vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baada ya maji kuwa safi. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika haya yote. Ukikatwa na msumeno, damu inatoka leo, mwajiri anaiona, unaandikiwa. Saratani ya kazini inakuja gereji imeshageuzwa kuwa ghala la magodoro, bosi ameshakufa, makopo yameshachomwa, na fundi mwenyewe anakumbuka tu kwamba kulikuwa na ya njano.

Siku hizi napiga rangi bado, ila kidogo, na kwa msasa wa maji. Bwana Harusi namsoma sasa. Ile alama peke yake haitoshi, kwa maana huwekwa pia kwa kitu kinachoweza kuleta pumu, kudhuru mimba au kuharibu ini. Inabidi ushuke chini kwenye maandishi madogo utafute namba. H350 maana yake kinaweza kusababisha saratani. H351, kinashukiwa. Kopo likiwa halina namba wala alama, limehamishiwa kwenye chupa ya soda kama tulivyozoea, silifungui.

Daftari nalo limefika ukurasa wa 19. Kila ukurasa una kitu, jina la kopo kama ninalikumbuka, mwaka, nilikishika vipi, na nani alikuwepo. Nimemtolea nakala yule daktari wa kike, akaiweka kwenye faili la Mzee, na lile neno "mstaafu" akalikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: mpiga rangi magari, miaka 33.

Mzee anarudi kuchunguzwa kwa kamera kila baada ya miezi mitatu, maana saratani ya kibofu ina tabia ya kurudi. Mara ya mwisho nilimkuta kwake siku moja kabla ya kwenda. Tukakaa na daftari, ananisomea kichwani kwake, mimi naandika: zile rangi za zamani za risasi, ile dawa ya kuondolea rangi iliyokuwa inababua vidole, mwaka ambao hadina mpya ilimpa kikohozi cha usiku kucha. Mkewe alikuwa anapita na ndoo. Akasimama mlangoni, akatusikiliza kwa muda.

"Hizo ovaroli," akasema, "nani alikuwa anazikung'uta kabla ya kuzifua?"

Mzee akamtazama, hakusema kitu.

"Za njano zilikuwa zinanipalia, mwanangu," akaniambia mimi. "Andika na mimi."

Nikafungua ukurasa wa 20.